Nusu ya Moshi

Kila nikikumbuka sheria ile, harufu ya jenereta ndiyo inayonijia kwanza. Walikuwa wameiweka chini ya dirisha la chumba cha mkutano, inanguruma na kutema moshi mweusi kwenye ukuta uliopakwa rangi juzijuzi tu, na ndani sisi tumejifungia na baridi ya mashine, tunajadili namna mkoa utakavyopunguza moshi wake. Bwana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alikohoa, akainuka, akalifunga vizuri zaidi, akarudi kuketi. Hakuna aliyecheka. Nyani haoni kundule, na wale walikuwa wamefunga tai juu yake.

Mimi nilikuwa pale kutafsiri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Katuba, nafundisha watoto wadogo kusoma na kuandika katika lugha ambayo sisi Lubumbashi tunaiita Swahili bora, yaani Kiswahili cha vitabuni, ambacho hakuna anayekisema nyumbani wala sokoni. Kamati iliyotunga sheria ilikuwa imeiandika kwa Kifaransa, lakini ilitaka pia sura ya Kiswahili isomwe redioni. Mtu fulani alikumbuka kwamba kuna mwalimu anayejua Swahili bora, wakaniita.

Ulikuwa mwaka wa kubomoka. Mkoa wetu mkubwa ulikuwa umekatwa vipande vinne kama mkate, na kila kipande kinatafuta ofisi, magari na mihuri yake. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na viwanda vya kuyeyusha mawe vilikuwa vinazima tanuri, leo hiki, kesho kile. Mume wangu alikuwa mtu wa tanuri. Asubuhi moja yeye na wenzake walikuta geti limefungwa kwa mnyororo na mabosi wameondoka bila kuaga. Alirudi kwetu, mtaa wa Hewa Bora, na kofia yake ya kazi mkononi, pamoja na bolti moja ndefu ya tanuri ambayo mpaka leo hajui kwa nini aliibeba. Mshahara wangu nao ulikuwa umepotea njiani, katikati ya mkoa uliokufa na mkoa uliozaliwa. Kwa hiyo sisi sote, wakubwa na watoto, tulikuwa tunakula kutoka kwenye sufuria ya mama yangu.

Mama alipika kando ya barabara, mbele ya nyumba yetu. Bukari, huo ugali wetu, maharagi, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa tunaowaita kapenta siku ambazo kapenta zilipatikana. Wateja wake walikuwa madereva wa pikipiki, mafundi wa matofali, na siku hizo pia wanaume waliotoka nyumbani asubuhi wakijifanya wanaenda kazini, ili wake zao wasijue bado. Alipika kwenye mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa ya miti. Mbabula yake ilikuwa kubwa kuliko zote za barabara ile: mume wangu aliitengeneza kwa ringi ya gurudumu la lori, akaitoboa matundu, akaitia miguu mitatu. Miguu miwili ilikuwa ya nondo. Wa tatu ulikuwa ile bolti. Sufuria iliyokaa juu yake ungeweza kuogeshea mtoto, na pasipo mbabula kubwa, sufuria kubwa haina pa kukaa, na pasipo sufuria kubwa, nyumba yetu haili.

Niseme ukweli: sheria yenyewe niliipenda nilipoisoma. Ilisema kwamba gesi zinazotia dunia joto, zinazotoka katika viwanda, migodi, magari na misitu inayokatwa, lazima zishuke kwa nusu kabla ya mwaka fulani, na kwamba mkoa ukishindwa, utalazimika kujieleza mbele ya watu. Sikuhitaji kufundishwa kwa nini. Mvua zilikuwa zimeanza kuchelewa kama mshahara. Mama anakumbuka makala yakija kwa baiskeli kutoka karibu, mtu anatoka asubuhi na mchana amerudi; sasa yanakuja kwa malori kutoka mbali, na miti imetukimbia kama watu wenye akili. Kwa hiyo niliketi pale na kalamu yangu kwa moyo mmoja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Nusu ya nini?" niliuliza, kwa sababu huwezi kutafsiri nusu bila kujua nzima ni ipi.

Bwana mmoja mwenye manukato makali alinieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Unachagua mwaka mmoja wa zamani, alisema, unaangalia mwaka ule ulitoa gesi kiasi gani, kisha nusu ya pale ndiyo shabaha yako. Na mwaka waliouchagua ulikuwa upi? Ulikuwa mwaka ambao bei ya shaba ilipanda mpaka watu wakalewa, tanuri zote zinawaka usiku na mchana, na Lubumbashi nzima inakohoa.

"Lakini tanuri zile zimezimika," nikasema.

"Njo vile, mama mwalimu," mwenyekiti wa kamati alijibu, uso umejaa raha. "Tuko karibu ya kufika. Bila hata kuanza!"

Wakapiga makofi. Walimpigia makofi mume wangu, aliyekuwa nyumbani saa ile amekaa kwenye kigoda anaangalia mikono yake. Walilipigia makofi geti lenye mnyororo. Niliwaangalia midomo yao iliyong'aa mafuta ya sambusa, nikasukuma sahani yangu mbali. Nikauliza tena: na bei ikirudi, tanuri zikiwashwa upya, itakuwaje? Yule wa manukato alitazama saa yake. Mwenyekiti akasema, "Mama, traduction tu," yaani kazi yangu ni kutafsiri tu.

Basi nikatafsiri. Zile gesi niliziita "hewa zinazoongeza joto la dunia". Niliona ni maneno mazuri, yanasema kitu chenyewe. Mwenyekiti aliyasoma akitembeza kidole, akatikisa kichwa.

"Ii iko murefu sana. Bantu ya hapa banajua moshi. Andika moshi."

"Papa président, moshi ni kitu kingine. Moshi unauona kwa macho. Hizi gesi hazionekani. Hata makala yakishakolea hayatoi moshi, lakini gesi inatoka."

"Njo maana! Utakataza muntu kitu haonake? Andika ile banaonaka."

Akachukua kalamu yake, akafuta maneno yangu, akaandika MOSHI kwa herufi kubwa. Kisha macho yake yakaenda juu zaidi, palipoandikwa "mkoa utapunguza". Akafuta mkoa, akaandika "kila mtu". Nilimwambia kwamba Kifaransa hakisemi hivyo, kwamba anayebebeshwa mzigo pale ni mkoa, siyo mtu.

"Na mukoa njo nani?" akauliza, ameufurahia ujanja wake. "Mukoa njo bantu."

Hivyo ndivyo sheria ya viwanda na migodi ilivyogeuka, katika Swahili bora kabisa, kuwa: *Kila mtu atapunguza moshi wake kwa nusu.* Ngeli zote ziko mahali pake. Mwanafunzi wangu angepata alama kamili.

Likabaki swali la mahali pa kuanzia, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kutoka mbali kuangalia kazi inavyokwenda, na ilibidi waonyeshwe mtaa wa mfano. Ramani ya jiji ilikuwa ukutani. Wakaiangalia, wakataja huku na kule. Kisha mmoja akapiga meza kwa kiganja: "Hewa Bora!" Wengine wakaangua kicheko cha furaha. Jina lenyewe! Wageni wataliona kwenye kibao, watatafsiriwa, watapiga picha! Hakuna aliyeuliza kama hewa ya pale ni bora au ni mbaya, kama kuna hata bomba moja la kiwanda. Mtaa ulichaguliwa kwa sababu ya jina, kama mtu anayeoa mwanamke kwa sababu anaitwa Furaha.

"Mimi nakaa kule," nikasema.

"Ah, félicitations!" mwenyekiti akanipongeza, akanipa mkono.

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, wateja wakiwa wamezunguka sufuria ya mama. Watu wa Lubumbashi hawakosi la kusema. Dereva mmoja wa pikipiki alichomoa sigara yake mdomoni, akaiangalia, akamwambia jirani yake, "Mi nitavuta nusu, nusu ingine ni yako." Mwingine akasema sasa bukari itaiva upande mmoja. Hata mume wangu alicheka, na hakuwa amecheka tangu geti lifungwe. Mama peke yake hakucheka. Aliendelea kukoroga, akaniuliza bila kuniangalia, "Ni nani alisema ile neno?"

Mama alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, lakini wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai. Nilipokuwa mtoto, katika vurugu nyingine, neno lilitoka midomoni mwa wakubwa juu ya watu wa asili yetu. Neno lilikuwa *bilulu*. Wadudu. Mwanzoni watu walilicheka, wakidhani ni mzaha wa siasa. Hata mama mwenyewe alikuwa akiwatania dada zake nalo. Kisha majirani wakaja na fimbo, na stesheni ikajaa familia zinazongoja treni na vyombo vyao. Dada zake walipanda. Yeye alibaki, kwa sababu nilikuwa na homa, na tangu hapo hachekelei tangazo la aina yoyote.

"Neno ya redio haiangukake chini," alisema siku ile, akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Inatafutaka muntu."

Lilimpata yeye kabla ya wiki kwisha. Mimi nilikuwa shuleni; haya niliambiwa na mume wangu, aliyeyaona yote akiwa mlangoni. Walikuja na pikap yenye kipaza sauti, vijana wenye fulana za kijani zilizochorwa jani kifuani. Kiongozi wao alikuwa na adabu. Alisalimia kwanza.

"Jambo mama. Ii mbabula yako iko na moshi."

"Moshi iko wapi, mwanangu? Unionyeshe."

Kijana akainama. Makala yalikuwa yamekolea, mekundu, masafi, bila hata uzi mmoja wa moshi. Akachungulia upande huu, akachungulia upande ule. Wateja wakaanza kuguna. Aibu ikamshika, na mtu aliyeshikwa na aibu mbele ya watu wanaokula ni hatari. Akafunua mfuniko wa sufuria. Mvuke wa maharagi ukapanda mpaka usoni pake.

"Na ii ni nini?" akasema kwa sauti kubwa. "Ii njo moshi!"

"Ile ni maji, papa! Maji ya maharagi!" mama akapiga kelele. "Weye kwenu hamupikake?"

Wakateremsha sufuria, wakaiweka kwenye vumbi. Wakamwaga makala barabarani, wakayazima kwa maji ya mtaro, na hapo ndipo moshi ulipopatikana: wingu zima, jeupe, linalonuka taka, likaingia katika kila nyumba. Mbabula wakaitupa kwenye pikap juu ya nyingine walizokwisha kukusanya. Mume wangu aliniambia kwamba kitu alichokiona mwisho, gari lilipokata kona, ni ile bolti yake ikielekea juu. Hakusema zaidi. Alikuwa amekwisha kuhesabiwa katika nusu yao mara moja, na sasa walikuwa wamerudi kuchukua kilichobaki.

Nilipofika jioni nilimkuta mama amepanga mawe matatu, anapuliza vipande vya mbao mbichi za ujenzi, na katikati ameweka kipande cha soli ya kiatu ili moto ushike. Barabara nzima ilikuwa hivyo hivyo, maana hakuna mwanamke aliyebakiwa na mbabula. Mbao, maboksi, soli, mifuko ya plastiki. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, Hewa Bora ilikuwa na moshi kweli, moshi wa kukata kwa kisu. Mama alikohoa mpaka akashika mbavu. Juu ya mawe yale iliweza kukaa sufuria ndogo tu, na bukari yake ilinuka mpira. Madereva walikuja, wakaonja kwa heshima, na kesho yake wakala kwingine. Tulikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Watoto waliacha kuuliza, nami ningependa waulize.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nyuma ya ofisi ya kamati kulikuwa na ua, na ndani ya ua mbabula za mtaa wetu zimerundikwa mpaka juu ya ukuta, nyingine bado zina majivu ya watu. Mwenyekiti alinipokea akijichokonoa meno. Nilimweleza: mama yangu, mzee, ndiye anayetulisha, na hakukuwa na moshi, kulikuwa na mvuke.

"Mama mwalimu," alisema kwa upole wa kutapisha, "sheria haijuake mama ya muntu."

Akanishauri mama aje kwenye mafunzo ya majiko yaliyoboreshwa, yanayokula makala machache. Nikauliza majiko hayo yako wapi. Yatakuja, akasema. Akakagua alichokitoa kwenye jino, akakipangusa pembeni mwa meza, na kuniambia nisikose siku ya wageni, nitahitajika. Nilitaka kumtemea mate. Badala yake nilijibu ndiyo, kwa sababu siku ya wageni kutakuwa na chakula, na sisi tulikuwa na njaa.

Siku hiyo, alfajiri, fulana za kijani zilipita Hewa Bora nyumba kwa nyumba: mtu asiwashe moto wowote mpaka wageni wapite. Wageni wakapita saa nne katika magari makubwa yaliyofungwa vioo. Wakateremka penye kibao cha mtaa. Mmoja wao, mama mmoja wa makamo mwenye kofia ya majani, alivuta pumzi akasema kwamba kweli hewa ni nzuri. Nikamtafsiria kiongozi wa mtaa wetu, aliyekuwa hajanywa hata chai. Akaitikia kwa kichwa. Ng'ambo ya barabara mama yangu alikuwa amesimama karibu na mawe yake matatu yaliyopoa, mikono nyuma, kama mtuhumiwa.

Kisha tukarudi uani kwa kamati, na mbuzi akanipokea kabla ya mtu. Harufu ya mbuzi wa kuchoma ilijaa kila mahali, na mate yakanijaa mdomoni, nikajichukia kwa ajili ya mate yale. Rundo la mbabula lilikuwa limefunikwa kwa turubai. Pembeni, mlinzi wa ofisi alikuwa anageuza nyama juu ya moto. Niliona bolti kwanza. Halafu ringi ya lori, matundu aliyoyatoboa mume wangu, na mafuta ya mbuzi yakichirizika juu yake na kulia kwenye makala. Walikuwa na mbabula za mtaa mzima, wakachagua ile kubwa.

Yule mama wa kofia naye aliiona. Alisogea, akainama, akauliza kwa Kifaransa hicho ni kitu gani.

Mwenyekiti hakupepesa hata jicho. Akamwambia kwamba hilo ndilo jiko lililoboreshwa. Limetengenezwa na mafundi wa hapa kwa vyuma vilivyotupwa. Kamati inawagawia akina mama wa Hewa Bora, na ndiyo sababu moshi umepungua kwa nusu. Maneno yalimtoka laini, moja linavuta jingine, na alipofika mwisho nadhani alikuwa ameyaamini. Mgeni alishangilia. Akaigusa ile bolti kwa ncha ya kidole, akasema ni ubunifu wa ajabu, akapiga picha, kisha akanigeukia nimfikishie mpishi pongezi zake. Nikamtazama mlinzi, mlinzi akatazama nyama. Yeye ndiye aliyeiteremsha mbabula ile kutoka kwenye pikap kwa mikono yake mwenyewe.

Nilijua ninachotaka kusema. Nilijua pia kitakachofuata nikikisema: mwenyekiti atacheka, ataniita mgonjwa, mbabula itarudi chini ya turubai, na mama atakohoa mpaka afe. Nikasema kwa Kifaransa changu cha shule, kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia:

"Bibi, mimi pia ni mama wa Hewa Bora. Mimi la kwangu sijapata."

Kisha mgeni akapiga makofi kama mtoto. "Mais donnez-lui celui-ci!" Mpeni hili hapa! Wenzake nao wakapiga makofi. Tabasamu la mwenyekiti lilibaki mahali pake, lakini macho yalikuwa yamehama. Mlinzi akaondoa mbuzi, bado nusu mbichi, akamwaga makala pembeni. Mwenyekiti akafunga vidole vyake kwa leso za karatasi, akainua upande mmoja wa mbabula ya mama yangu, mimi nikashika upande wa pili, na mpiga picha akaita, "Souriez!" Chekeni!

Chuma kilikuwa bado cha moto. Kiganja changu kilikuwa juu ya bolti. Nilisema "merci", na neno lile lilinikaa mdomoni kama unywele kwenye chakula.

Nilirudi nayo kwenye pikipiki, nimeikumbatia, mafuta yao yananipaka kifuani. Mama aliipokea bila shangwe. Aliigeuza, akaipelekea pua.

"Inanuka nyama ya bantu bengine," alisema.

Aliisugua kwa majivu na mchanga mpaka giza likaingia. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yamejificha kwenye viungo, akayafuata kwa kijiti. Mume wangu alikagua miguu, akaikaza bolti. Kesho yake sufuria kubwa ilikaa mahali pake, na madereva wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakisingizia kwamba walikuwa safarini. Watoto wakauliza tena kama kuna nyongeza. Ile furaha ingekuwa kamili, lakini wanawake wa barabara yetu walikuwa bado wanapulizia mbao, na walipopita mbele ya mbabula yetu walinyamaza. Jirani mmoja, niliyekuwa nikienda naye kisimani tangu nihamie pale, aliniuliza mbele ya watu, "Weye uliwapa nini?" Nilimweleza. Aliniambia ninasema vizuri, kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Fulana za kijani nazo zilipita tena. Yule yule aliyefunua sufuria aliiona mbabula ile ile, makala yale yale, mvuke ule ule wa maharagi. Mama alisimama mbele yake na mwiko. Kijana akawaambia wenzake, "Muache, ile iko ya projet," yaani ya mradi wa kamati, kisha akaagiza sahani ya bukari, akala, akasema maharagi ni matamu.

Mwaka ulipokwisha, kamati ilinitumia zawadi ya mtafsiri. Ilikuwa kalenda kubwa ya ukutani, karatasi nene yenye kung'aa. Niliifungua mbele ya mama, kando ya moto. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa picha moja: mwenyekiti upande huu, mimi upande ule, mbabula katikati. Chini yake, katika Swahili bora ambayo sikuiandika mimi, palisema kwamba Hewa Bora imetimiza nusu ya moshi kabla ya wakati.

Mama hajui kusoma sana, lakini picha anazisoma. Aliitazama mbabula yake muda mrefu. Akamtazama mwenyekiti. Kisha akaweka kidole chenye majivu juu ya uso wangu.

"Na huyu mwenye anacheka naye ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Makala yalikuwa yanataka kufifia na madereva walikuwa wanangoja. Aliichukua kalenda mikononi mwangu, akaikunja mara mbili, akainama, akaanza kupepea makala. Karatasi yao ilikuwa ngumu. Moto ulishika upesi.